Waya Mmoja, Nyumba Tatu

Katika lupango letu, uwanja wetu pale Kashojwa kambini, mwanaume aliweza kuingia nyumba ya mwenzake akifoka kwa sababu picha ya televisheni imekatika, na hakuna aliyemwona mkosa adabu. Lakini mwanamke akilia ndani na mlango umefungwa, hakuna aliyevuka kizingiti. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, ila wote tuliijua kama tulivyojua njia ya kwenda bombani. Mambo ya chumba ni ya chumba. Niliichukia sheria hiyo, na mpaka leo naichukia.

Lupango lilikuwa na nyumba tatu za udongo. Ya mama mkwe ilikuwa katikati, ya dada yangu upande wa bonde, na yangu ilipakana na mahindi. Mimi na dada yangu, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, tuliolewa na ndugu wawili, yeye na mkubwa, mimi na mdogo. Watu walitupongeza. Walisema tumepata bahati, dada wawili kukaa uwanja mmoja katika nchi ya watu. Bahati gani hiyo? Mwanamke mwingine akipigwa hukimbilia kwa dada yake. Yaya akikimbilia kwangu alikuwa bado yuko kwa wakwe.

Mara moja alikimbia mbali zaidi, mpaka Oruchinga, kwa shangazi yetu, ndugu pekee aliyetubakia upande huu wa mpaka. Wakwe wakamfuata na mbuzi mmoja na kreti ya soda. Shangazi akawasikiliza, akanywa soda, akamfunga yaya kitenge vizuri kiunoni na kumwambia kwamba ndoa ni kuvumilia. Akarudishwa. Jioni ile ile alipigwa kwa ajili ya mbuzi, kwa sababu mbuzi yule alikuwa mzuri na shemeji alimpenda.

Shemeji yangu huyo, mume wa yaya, mngemkuta nje mngempenda. Alikuwa na duka dogo la kuchajisha simu za watu, alisalimia wazee kwa mikono miwili, na Jumapili aliimba kanisani kwa sauti iliyowatoa akina mama machozi. Nyumbani alikuwa na desturi moja tu niliyoijua kama jina langu. Kabla ya kumpiga yaya, aliongeza sauti ya tele.

Tele ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Binti yake aliyepelekwa Amerika ndiye aliyetuma pesa ya kuinunua. Mama mkwe akaiweka juu ya meza na kuitandikia kitambaa kama altare, na majirani wakaanza kuja. Shemeji hakuvumilia, akaleta ya kwake, kubwa zaidi. Mume wangu naye, ambaye viatu vyake vilikuwa vinacheka mbele, akauza mahindi yetu akaleta ya tatu. Tele tatu, antena moja. Antena yenyewe ilikuwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi, umesimikwa kando ya nyumba ya mama mkwe na kufungwa kwa kamba za nailoni, kwa sababu sisi tuko bondeni na picha ya kutoka Mbarara haishuki mpaka kwetu bila kuinuliwa shingo.

Ndugu wawili wakaamua kuigawa antena ile wenyewe. Walibandua waya za nyumba tatu kwa meno, wakazisokota pamoja kama tunavyosokota waya za taa za sola, wakafunga na utepe mweusi.

"Waya ni waya," mume wangu alisema.

Nilimwambia waya wa antena si waya wa taa. Una uzi mmoja katikati na nywele zinazouzunguka, na ukiufunga ovyo unaua picha. Nilijua kwa sababu baba yetu alikuwa fundi wa redio kule Uvira, Congo. Nilikua chini ya meza yake nikimpokeza koleo na risasi ya kulehemu, mpaka siku waliyoingia watu wenye bunduki wakitaka redio zote. Alisema redio ni za watu. Wakampiga risasi pale pale kwenye benchi, pasi ya kulehemu bado ina moto, na harufu ya meza kuungua ndiyo niliyovuka nayo mpaka. Haya yote mume wangu aliyajua. Hata hivyo alinitazama kama ninamwingilia katika mambo ya wanaume, akaendelea kufunga utepe.

Picha zilizokuja zilikuwa vipande vipande. Mtangazaji alikuwa na macho kwenye shavu. Mama mkwe akiwasha yake, yetu inakufa. Yetu ikizinduka, ya shemeji inaganda. Basi wakaanza kushukiana, kwamba kila nyumba inakunywa rezo, ile nguvu ya picha, ya mwenzake, kama watu wanaogombania mtungi mmoja.

"Nani anakunywa rezo yangu?" mama mkwe alikuwa anapiga kelele mlangoni. "Muzime zile tele zenu, batoto! Picha yangu inakufa!"

Hawakuzima. Alasiri moja shemeji alitoka akamkuta mume wangu anashikashika fundo la waya pale chini ya mti, akamtuhumu kwamba anampunja. Neno likaleta neno. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, lakini hao wangu walikuwa wamechomoa mpini wa jembe lenyewe ili wapigane nao. Shemeji alimpiga mdogo wake mdomoni. Jino likatoka, likaanguka kwenye vumbi karibu na kuku, na kuku akalidonoa. Mume wangu akamng'ata mkono. Mama mkwe akawamwagia maji ya vyombo, na wote watatu, ndugu hao wamelowa na wana damu, wakageuka kunitazama mimi.

"Wewe uko mutoto wa fundi," mama mkwe aliniambia. "Panda."

Nikapanda. Kabla ya hapo tulinunua busta pale senta, kisanduku kidogo kinachofungwa juu ya mti ili kiongeze nguvu ya picha. Busta haiendi bila umeme, na umeme wake unapanda kwa waya ule ule ambao picha inashukia. Chini, ndani ya nyumba mojawapo, panakaa adapta yake, kitu kidogo kama chaja ya simu. Sola kubwa na betri kubwa vilikuwa kwa shemeji, basi adapta ikawekwa kwake, kwenye ukuta nyuma ya meza ya tele. Nilisokota upya zile nyaya, uzi na uzi, nywele na nywele. Hatukuwa na kigawanyo cha kweli, lakini picha zikaja katika nyumba zote, si safi sana ila zinatazamika, na ndugu wakapatana. Mume wangu mwenye pengo alikaa mbele ya tele anacheka, na nikajiambia angalau vita hivyo vimekwisha.

Muda kidogo baadaye, wakati filme imenoga, nikasikia tele ya shemeji inapanda sauti. Nilikuwa nakuna muhogo. Mikono yangu ilisimama yenyewe, kama kawaida. Halafu tele yetu ikagawanyika vipande, ikawa nyeusi. Mume wangu akaruka. Mama mkwe akatoka na majirani wake, wamechukia, wengine bado wameshika vikombe. Wote wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa shemeji na kuupiga kwa viganja.

"Mukubwa! Tele imekufa! Muko munafanya nini mu ile nyumba?"

Mlango ukafunguka. Hakuna aliyesema shikamoo, hakuna aliyeomba ruhusa. Waliingia. Walikuta yaya yuko chini, ukutani, pua inatoka damu, na mgongo wake ulikuwa umechomoa adapta aliposukumwa. Hakuna aliyeitazama damu. Mama mkwe alivuka miguu ya yaya akachomeka adapta, na kwa vile walikuwa wameshaingia, wakaketi kidogo wahakikishe picha haitakatika tena. Shemeji akalazimika kuwapa viti. Hakumpiga tena jioni ile.

Kesho yake tulikuwa bombani na madumu yetu. Pua ya yaya ilikuwa imevimba.

"Umeona vile balikuya?" akaniuliza.

"Nimeona walivyokuja."

"Bote balikuya."

Tulijitwika maji tukapanda. Lakini tangu siku hiyo niliona kwamba meza ya tele imesogezwa kidogo, kiasi cha mkono kupita nyuma yake.

Hivyo ndivyo dada yangu alivyoishi. Sauti ikipanda, aliwahi ukutani kuchomoa adapta. Wakati mwingine aliwahi baada ya kofi la kwanza, wakati mwingine baada ya mateke, na mara moja aliwahi huku amevutwa nywele, nilisikia meza ikianguka. Nyumba tatu zikazimika, na watu wakatoka wakitukana, wakaenda kumwokoa bila kujua kwamba wanamwokoa. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya chenye machozi. Kumbe wanaweza kukimbia hivyo! Kumbe miguu wanayo! Kumbe mlango ule haukuwa na laana, ila walikosa sababu ya kuupiga.

Mume wangu alianza kulalamika kwamba busta ni mbovu. Nilimwambia ukweli, nikidhani ataona aibu.

"Si busta. Ni kaka yako anaua yaya yangu. Zungumza naye."

Alipitisha ulimi kwenye pengo lake. "Ni mukubwa yangu," akasema. "Nitamwambia nini? Anapiga bibi yake, hanipige mie."

Nikamwuliza jino lile alilitoa nani. Akaenda kutazama tele.

Mpigaji si mjinga. Jioni moja shemeji aliona kwamba mkewe, badala ya kukinga uso, ananyoosha mkono kuelekea ukutani. Akaelewa. Alimkanyaga mkono ule, vidole viwili vikavunjika, na kesho yake alikuja jikoni kwangu anatabasamu, amevaa shati la kanisani.

"Shemeji, twende Mbarara," akasema. "Tutafute kitu ya kugawa antena bizuri. Wewe njo unajua majina yake. Mama amechoka na kukatika-katika."

Nilienda kwa sababu mama mkwe aliniamuru, na kwa sababu nilitaka kumnunulia yaya dawa ya vidole. Tukapita Kabingo kwa gari. Shemeji alikuwa dirishani, anaimba wimbo wa kwaya taratibu. Niliangalia shingo yake muda wote wa safari. Niseme kama ilivyo: niliangalia mahali ambapo kisu kingeingia.

Mbarara tuliingia duka moja la vyombo vya umeme, limejaa nyaya zilizoning'inia mpaka usoni. Muuzaji, kijana Mnyankore aliyechoka, alitutolea kigawanyo, kibati kidogo chenye mdomo mmoja upande huu na midomo mitatu upande ule.

"Nyabo, angalia hapa," akaniambia. "Hii shimo iko na alama nyekundu. Hii ndiyo inapitisha pawa kwenda kwa busta. Hizi zingine zinapitisha picha tu. Pawa, hapana."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake ikibadilika.

"Kwa hiyo," akauliza polepole, "adapta nikiweka kwa mama, na mutu wa nyumba ingine akichomoa waya yake, ao akikata, bale bengine banapoteza picha?"

"Hapana, sebo. Hata kidogo. Kila mtu kwake."

"Kila mtu kwake," shemeji akarudia, akatoa pesa bila kubishana bei. Sijawahi kumwona akinunua kitu bila kubishana bei, si kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nikasimama pale kati ya nyaya na kuona mkono wa dada yangu unakatwa mbele yangu, na kinachoukata kinafungwa kwenye karatasi.

Kupanda nilikataa. Nilimwambia apande mwenyewe, na akipenda aanguke. Akapanda. Adapta ikahamia kwa mama mkwe, pamoja na betri nzuri ambayo shemeji alimzawadia mbele ya majirani, na mama mkwe akambariki kwa kumtemea mate kiganjani. Picha ilikuwa safi ajabu. Uliweza kuona jasho kwenye paji la mtangazaji. Watu walipiga makofi. Yaya alisimama mlangoni kwake, vidole vimefungwa kitambaa, anaangalia waya mpya unaoingia nyumbani mwake kutoka juu.

"Sasa nitabaita na nini?" akaniuliza.

"Piga kelele," nikasema, na nilipolisema nililionea haya.

"Nilipigaka kelele myaka mingi. Kelele haiwezi zimisha tele."

Siku timu ya Congo ilipocheza mpira, lupango lilijaa kuanzia mchana. Nyumba ya mama mkwe haikuwa na nafasi hata ya kutema mate. Wanaume walikaa juu ya kreti, juu ya madumu, madirishani, na waliokosa nafasi wakahamia kwangu. Jua lilikuwa bado kali. Mimi nilikuwa nje nikitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa sababu wageni wote hao wangetaka kula, Congo ishinde au ishindwe. Kinu changu kilikuwa kimepasuka, basi asubuhi nilikuwa nimeazima cha yaya. Nilichukua kinu tu na kumwachia mchi wake, maana mchi wangu ulikuwa mzima.

Shemeji alitoka kwa mama mkwe kabla mchezo haujakolea. Nilimwona akivuka uwanja. Aliinama kumsalimu mzee mmoja, akaingia kwake, akafunga mlango. Mlango uliofungwa mchana kweupe, siku ya joto. Halafu tele yake ikapanda sauti mpaka bati likatetemeka.

Niliacha mchi wangu nikaenda. Niliweka sikio kwenye mbao. Mtangazaji huyo huyo alikuwa anapiga kelele kutoka nyumba tatu kwa pamoja, na chini ya kelele zake sikuweza kusikia kitu. Nikagonga. Nikapiga kwa ngumi.

"Tunaangalia mupira!" shemeji akajibu kutoka ndani. Alikuwa anahema kama mtu anayelima.

Nilikimbia kwa mama mkwe, nikapenya kati ya magoti ya watu. Nikamwomba apunguze sauti, kidogo tu, tusikilize.

"Toka mbele ya tele!" wakanifokea. Mtu alinirushia ganda la karanga. Nikamfikia mume wangu, nikamwambia sikioni kwamba mlango umefungwa na yaya yuko ndani. Hakuondoa macho kwenye picha.

"Ngoja mapumuziko," akasema.

Ningoje mapumziko. Hasira iliyonipanda siku hiyo sijui niieleze vipi. Sikuiona nyekundu wala nyeusi, niliiona safi, kama ile picha yao. Nikatoka, nikachukua panga la kukatia migomba lililokuwa limechomekwa kwenye paa la jiko, nikaenda kwenye mti wa antena. Kamba ya kwanza ilikatika kwa pigo moja. Ya pili nilipiga mara nyingi, nikajikata na goti, sikusikia. Waya ukakatika wenyewe mti ulipoanza kulala. Mkaratusi ule uliangukia bati la mama mkwe kwa kishindo kilichowafanya watu ndani wapige mayowe ya vita. Wengine waliangukiana wakidhani ni bomu, maana sisi wote kule tumetoka kwenye mabomu.

Kisha wakatoka.

"Nani? Nani amekata?"

Waliniona na panga. Mume wangu, ambaye hakuwahi kunigusa, alikuwa wa kwanza. Kofi lake lilinigeuza. Mwingine akanipiga teke la mbavu nikaanguka, mwingine akasimama juu ya mkono wangu mpaka nikaachia panga. Waliniita mchawi, waliniita mwendawazimu, walisema Congo ilikuwa inakaribia kufunga. Nilikuwa na vumbi mdomoni na damu ya ufizi, na nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, kwa sababu wote walikuwa nje.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeinuliwa wa kunilaani. Hakumlaani mtu. Alisema tu, "Munyamaze."

Tele zote zilikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu zifike, lupango lilikuwa kimya na watu wote wamo. Tukasikia. Du. Du. Du. Sauti nzito, polepole, kutoka nyumba ya bonde.

"Ni sombe," mtu mmoja akasema. "Mama wa nyumba ile anatwanga."

Nikanyanyua kichwa kutoka kwenye vumbi, nikawaonyesha mbele ya jiko langu.

"Kinu yake ni hii hapa," nikawaambia. "Anatwanga mu nini?"

Wakakigeukia kinu. Kilikuwa pale, kimejaa majani, mchi wangu umelala kando. Nilimwona mume wangu akikitazama, kisha akautazama mlango wa kaka yake. Pengo lake lilikuwa wazi. Ile sauti ikapiga tena. Ndipo akauinua ule mti wa antena upande mmoja, wengine wakaushika nyuma, na wakaenda nao mbio kwenye mlango. Mlango uliingia ndani pamoja na bawaba zake.

Sitaeleza yote niliyoyaona. Yaya alikuwa amejikunja chini ya meza ya tele. Taya lake halikuwa mahali pake, na mkono wake, ule wenye vidole vya kitambaa, ulikuwa umeshika waya wa antena uliong'olewa ukutani. Alikuwa ameuchomoa. Alikuwa ameuchomoa mapema, kabla sijaangusha mti, na nyumba zetu zilikuwa zinaendelea kuangalia mpira kwa picha safi. Shemeji alisimama juu yake na mchi mikononi. Aliwatazama watu waliojaa chumbani kwake kana kwamba wao ndio wamekosa adabu.

Walimpiga. Walimpiga kwa miguu na kwa vipande vya mlango wake, mpaka polisi wa kambi walipokuja kumchukua hakuweza kusimama. Sikujua kama wanampiga kwa ajili ya yaya au kwa ajili ya mechi, na sikutaka kuwauliza. Baadaye, karibu kila aliyekuwepo alinijia mmoja mmoja kuniambia kwamba hakuwa anasikia, ni tele zilikuwa na sauti kubwa. Nilimjibu kila mmoja kwamba ndiyo, zilikuwa na sauti kubwa. Mama mkwe peke yake hakuja. Alikaa mbele ya tele yake iliyokufa, amekifunika kioo kwa kile kitambaa cha meza, na sikuwahi kumsikia akiomba antena isimamishwe tena.

Yaya alipelekwa kituo cha afya na kutoka hapo Mbarara, hospitalini. Wakamfunga taya kwa waya mwembamba, akawa anakunywa uji kwa mrija. Nilikaa naye chini ya kitanda, kwenye mkeka. Wodi ilikuwa na akina mama wengi, na tele moja juu ukutani, inatazamwa na wote.

Alasiri moja, aliyekuwa na rimoti aliongeza sauti. Sijui ilikuwa filme gani. Nilihisi kitanda kinatikisika juu ya kichwa changu, nikainuka. Yaya alikuwa amefumba macho kwa nguvu, magoti yamefika kifuani, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mkono wake mzima ulikuwa unapapasa ukuta nyuma ya kitanda, unatafuta, unatafuta.

Nikaburuta kiti, nikapanda, nikachomoa tele.

Wodi nzima ilinirukia. Walipiga kelele kwa Kinyankore, kwa Kirundi, kwa Kiswahili. "Nyabo, rudisha!" Wengine walishuka vitandani na drip zao wakija kwangu, na manesi wakakimbia kutoka kwenye korido kuuliza kuna nini. Nilibaki juu ya kiti, plagi mkononi, nasubiri wafike wote.

Nilipogeuka, mabega ya yaya yalikuwa yameshuka. Alikuwa anasikiliza viatu vya watu vinavyokuja, na mkono wake ulikuwa umeacha kutafuta. Kabla wa kwanza hajafika kunishusha, dada yangu alikuwa amelala.